Kuitenganisha njia ya Northern ya London: je, msongamano utapungua au utahamia Camden Town?

Mwanafunzi_Kasapa aliandika:

Wakubwa zangu, nawasalimu. Ninasoma uhandisi wa ujenzi hapa Lubumbashi, na katika kazi ya darasani ninatakiwa kueleza namna treni za chini ya ardhi zinavyoweza kupangwa upya ili kupunguza msongamano pasipo kuchimba handaki jipya. Nimechagua njia ya Northern ya London. Upande wa kaskazini ina matawi mawili, la Edgware na la High Barnet. Katikati ya mji nako imegawanyika, sehemu moja ikipita stesheni ya Bank na nyingine ya Charing Cross. Yote hukutana kwenye stesheni ya Camden Town, na treni ya tawi lolote inaweza kufuata sehemu yoyote ya katikati. Kwa miaka mingi limekuwapo pendekezo la kuitenganisha ziwe njia mbili zisizochangia reli. Ninachoshindwa kuelewa ni hiki: ikiwa reli ni zile zile na mahandaki ni yale yale, nafasi ya kupitisha treni zaidi inatoka wapi? Na abiria ambaye leo habadilishi treni, akilazimika kushuka Camden Town ili apande nyingine, si ndiye atakayeongeza msongamano?

Fundi_Kamalondo alijibu:

Mdogo wangu, usidhani kwamba treni hukatizana njia pale Camden Town. Waliounganisha njia hizo mwaka 1924 walichimba mahandaki yanayopishana juu na chini, kwa hiyo inayokwenda haiizuii inayorudi ya tawi jingine. Shida ni zamu. Treni mbili zinazotoka matawi tofauti zikihitaji reli moja, ni lazima zifike kwa mpangilio, na ile ya High Barnet ikichelewa dakika mbili, ya Edgware ama itatangulia na kuvuruga ratiba ya huko mbele, ama itangoja handakini, na zote zilizo nyuma yake zitangoja pamoja nayo. Ndiyo maana anayepanga ratiba huacha muda wa akiba kati ya treni na treni, na muda huo ndio nafasi unayoitafuta.

Tazama njia ya Victoria katika mji huo huo, ambayo haina matawi wala haichangii reli na nyingine. Tangu 2017, saa za watu kwenda na kutoka kazini hupitisha treni 36 kwa saa, yaani moja kila sekunde 100. Sisemi kwamba Northern ingefika hapo kwa kutenganishwa tu, kwani treni zenyewe lazima zitoshe na mitambo ya ishara iwe na uwezo huo, lakini njia yenye matawi huwa na kikomo ambacho mitambo pekee haikiondoi.

Kuna jambo jingine ambalo michoro haionyeshi. Kwenye jukwaa la tawi la Edgware, ubao huonyesha treni ya Bank, kisha ya Charing Cross. Ya Bank ikifika, wanaokwenda Charing Cross hawapandi. Wanabaki wamesimama mbele ya milango, na wanaopanda hulazimika kupenya katikati yao. Treni ingeondoka mapema zaidi kama kila aliyesimama pale angekuwa anaingoja hiyo hiyo.

Mama_BelAir alijibu:

Mwanangu, mfano wa jambo lililokwisha kufanyika uko Bruxelles, Ubelgiji, nilikoishi zamani. Mwezi wa Aprili 2009, baada ya duara la reli kukamilika kwenye stesheni ya Gare de l'Ouest, metro ya huko ilipangwa upya ikawa na njia nne, namba 1, 2, 5 na 6. Kabla ya hapo aliyepanda kwenye stesheni ya Roi Baudouin alifika katikati ya mji bila kushuka. Sasa namba 6 humzungusha pembeni, na akitaka stesheni ya De Brouckère, iliyo katikati ya mji, hubadilisha treni kwenye stesheni ya Beekkant. Namba 1 na 5 bado zinachangia reli kutoka Gare de l'Ouest hadi Merode, kwa hiyo hawakutenganisha kila kitu.

Kuhusu kubadilisha treni, hata hapa kwetu anayetoka Ruashi kwenda Kasapa hushuka mjini akapanda taksibasi nyingine. Halalamikii kushuka, hulalamika pale ya pili isipofika upesi.

MpitaNjia_Katuba alijibu:

Ninakubaliana na Mama, ila kwa sharti: inategemea unashukia wapi. Kwenye stesheni ya Stockwell, London, anayetoka njia ya Northern kwenda ya Victoria huvuka jukwaa tu, hatua chache, hapandi hata ngazi moja. Camden Town sivyo. Kila tawi lina majukwaa yake mawili, moja limekaa juu ya jingine kwa sababu mahandaki yalifuata barabara nyembamba za juu, na kutoka tawi hadi tawi watu hupita katika vijia na ngazi ambazo tayari hujaa watu wa masoko ya pale. Kwa miaka mingi stesheni hiyo iliruhusu abiria kutoka tu, si kuingia, Jumapili alasiri. Uimwagie na wanaobadilisha treni asubuhi ya kazi, utaifunga! Mpango wa kuipanua kwa lango la pili ulisimamishwa mwishoni mwa 2018 kwa kukosa fedha, na kutenganisha njia kukasimama papo hapo.

Upande wa kusini mambo ni rahisi zaidi. Tangu reli ya Battersea ifunguliwe Septemba 2021, treni za Charing Cross huweza kuendelea huko, na za Bank zikaenda Morden. Ila hata hilo lilihitaji vijia vipya vya abiria kwenye stesheni ya Kennington, kati ya jukwaa na jukwaa.

Mwanafunzi_Kasapa aliandika:

Nawashukuru. Basi niandike kwamba pasipo kuchimba haiwezekani?

Fundi_Kamalondo alijibu:

Andika kwamba kunachimbwa kidogo, na kwa ajili ya miguu ya watu kuliko magurudumu. Angalia Bank mwaka 2022: walifunga sehemu ile ya njia kwa miezi minne hivi, wakahamishia treni zinazoelekea kusini kwenye handaki jipya lenye jukwaa pana, na jukwaa la zamani likageuzwa kuwa ukumbi wa kupitia abiria. Idadi ya njia za reli haikuongezeka hata moja. Chora kwanza mpango wa ngazi na vijia vya Camden Town, hesabu ni watu wangapi wanaweza kupita hapo kwa dakika moja, ndipo uje kwenye ratiba ya treni. Mwalimu wako akiuliza gharama iko wapi, mwonyeshe mchoro huo.