Nimelipia bima ya nyumba Kigoma bila kuonyeshwa hati yake, na sasa naambiwa "ungesoma masharti"

Ndugu wanajamvi,

Ninaandika nikiwa na hasira, ila nitajitahidi kueleza mambo kwa mpangilio ili mtu mwingine wa Kigoma au wa Tabora anayetaka kukatia bima nyumba na vyombo vyake asiingie nilikoingia mimi. Leo asubuhi nimekataa kutia saini karatasi ya kampuni ya bima inayosema kwamba nakubali shilingi 2,800,000 kuwa fidia kamili na ya mwisho, wakati hasara iliyonipata usiku wa dhoruba ni shilingi 8,600,000 kwa makadirio ya fundi na risiti nilizonazo mkononi. Nilipouliza sababu, nilijibiwa kwa upole kabisa kwamba yote yameandikwa kwenye hati ya bima na kwamba ilikuwa juu yangu kuisoma kabla ya kulipa.

Hati hiyo sikuwahi kuiona kabla ya kulipa, na hilo ndilo lalamiko langu.

Nyumba yangu iko Gungu. Nimeijenga kwa miaka tisa kwa mshahara wa ualimu na mikopo, kwa tofali za kuchoma na mabati ya geji 30. Nilipoamua kuikatia bima sikukimbilia wakala wa kwanza aliyebisha hodi, kwani nilikusanya kotesheni tatu, mbili kutoka kwa mawakala wa hapa mjini na moja kupitia benki ninakopokelea mshahara. Kila mmoja nilimwomba kitu kimoja tu, nakala ya hati yenyewe, niende nayo nyumbani nikailinganishe na za wenzake. Kijana niliyekuja kukata bima kwake aliniambia, "Mama, hayo makaratasi ni mengi, utajichosha bure. Ukishalipa hati itatumwa kutoka Dar es Salaam. Kwa sasa soma hiki kipeperushi, kimeeleza kila kitu." Kipeperushi kilikuwa na picha ya familia inayocheka na maneno matano: moto, radi, mafuriko, dhoruba, wizi. Wa pili naye alinipa kipeperushi, na benki walinionyesha tarakimu kwenye kompyuta. Kwa hiyo mtu mzima mwenye akili zake, aliyetaka kulinganisha, aliachiwa kitu kimoja tu cha kulinganisha, nacho ni bei.

Bei ya kwanza ilikuwa shilingi 96,000, ya pili 118,000, ya benki 152,000. Nikachagua ya kwanza. Nilipofika kulipa nikaambiwa kwamba ile 96,000 haikuwa na kodi ya ongezeko la thamani, hivyo kwa asilimia 18 nikatoa 113,280. Ile ya 118,000 ilikuwa tayari na kodi ndani yake, jambo nililolijua baadaye sana. Tofauti niliyodhani ni 22,000 kumbe ilikuwa 4,720, na kwa sababu ya hizo shilingi 4,720 niliiacha bima ambayo, kama nitakavyoeleza, ingenilipa baadhi ya vitu nilivyonyimwa.

Hati ilinifikia baada ya wiki sita, kurasa 24 za Kiingereza cha kisheria kwa herufi ndogo mno. Nafundisha Kiingereza shule ya msingi, na bado kuna aya nilizirudia mara nne bila kuzielewa. Mama muuza dagaa wa Kibirizi aliyekata bima hiyo hiyo atafanyaje?

Dhoruba ilikuja mwishoni mwa Machi, saa nane za usiku. Upepo uling'oa mabati ya upande wa nyuma, mvua ikaingia vyumba viwili na sebuleni hadi alfajiri. Niliripoti asubuhi ile ile, nikapiga picha, nikahifadhi mabati yaliyookotwa uwanja wa jirani. Baada ya siku kumi na moja akaja mkadiria hasara aliyetumwa na kampuni. Alipanda ngazi, akachomoa msumari mmoja wa bati kwa koleo, akaugeuza kwenye mwanga, akautia kwenye kifuko cha nailoni na kuupiga picha juu ya daftari lake. Msumari ulikuwa na kutu shingoni. Kwa kutu ile akaandika kwamba sehemu ya hasara imetokana na uchakavu wala si dhoruba, akapunguza gharama ya paa kutoka shilingi 5,000,000 hadi 4,000,000. Misumari mingine mizima iliyolala kwenye mbao zile zile nilimwonyesha, lakini hakuitia kwenye kifuko.

Kisha ikaja kanuni ya wastani, yaani ukikata bima kwa thamani iliyo chini ya thamani halisi, fidia nayo inapunguzwa kwa kiwango hicho hicho, na hapa naomba msome kwa makini kwa sababu ndipo wengi wetu tutakapoumia. Wakala aliponiuliza thamani ya nyumba nilimwambia shilingi 30,000,000, yaani jumla ya fedha nilizotumia kidogo kidogo tangu msingi hadi paa. Aliiandika bila swali hata moja. Kumbe bima haitazami ulitumia kiasi gani zamani, wala nyumba ingeuzwa bei gani leo pamoja na kiwanja chake, kwani kiwanja hakiungui. Inatazama gharama ya kuijenga upya leo: saruji ya leo inayosafirishwa kutoka mbali, mafundi wa leo, hata kuondoa kifusi. Mkadiria akasema kujenga upya ni shilingi 50,000,000, kwa hiyo nimekata bima ya asilimia 60 tu, na asilimia 40 ya kila hasara, hata iwe ndogo, naibeba mwenyewe. Ile milioni nne ikawa 2,400,000. Hapo wakatoa shilingi 400,000 za eksesi, yaani kile kiasi cha mwanzo ambacho mwenye bima hujilipia mwenyewe kwa kila dai, zikabaki 2,000,000.

Sisemi kwamba kanuni hiyo ni ya dhuluma. Aliyelipa ada ya nusu hawezi kudai sawa na aliyelipa ada kamili, hilo nalikubali. Ninachokikataa ni mtu anayeijua kanuni hiyo vizuri, anayelipwa kamisheni kwa kuniuzia, kukaa kimya wakati naitaja tarakimu itakayonikata.

Kwenye vyombo mambo yalikuwa mabaya zaidi. Nilikadiria shilingi 8,000,000 kwa kutazama vitu vikubwa: makochi, vitanda, televisheni, friji, kabati. Mkadiria akapita chumba kwa chumba akihesabu hata vile ambavyo havikuloa, yaani mapazia, magodoro, nguo za watu sita, vyombo vya jikoni, mashuka, akafika 16,000,000. Kwa kanuni ile ile, nusu ya dai la vyombo ikakatwa. Kabla ya hapo alikuwa ameshafuta cherehani ya umeme ya binti yangu, shilingi 700,000, kwa kuwa anashonea watu vitenge na kwa hiyo ni mali ya biashara. Akafuta na friji, shilingi 900,000, kwa maelezo kwamba iliungua umeme uliporudi kwa nguvu usiku ule, na hitilafu ya umeme haimo kwenye kinga yangu. Kati ya 3,600,000 nilizodai zikabaki 2,000,000, zikawa 1,000,000 kwa wastani, na baada ya eksesi ya 200,000 zikawa 800,000.

Wiki iliyopita mwalimu mwenzangu aliyekata ile ya 118,000 alinipa hati yake tukaiweka mezani pamoja na yangu. Ya kwake inalipa hitilafu ya umeme kwa vyombo vya nyumbani hadi kikomo kilichotajwa. Inalipa kifaa kipya badala ya kilichoharibika, wakati yangu inapunguza fidia ya kila kitu kwa sababu ya uchakavu. Inasema kanuni ya wastani haitatumika ikiwa thamani iliyokatiwa bima haipungui asilimia 85 ya thamani halisi, na inamtaka wakala ajaze fomu ya chumba kwa chumba pamoja na mteja kabla ya kutoa bei. Nilishindwa kuzuia machozi, si kwa ajili ya fedha peke yake, bali kwa sababu nilikuwa nimeuliza. Niliomba hati zote tatu na nikanyimwa zote tatu.

Wale walioko kando ya ziwa nawasihi zaidi. Kipeperushi kikisema "mafuriko" msitosheke. Tumeona wenyewe jinsi maji ya Tanganyika yalivyopanda tangu 2020 na nyumba zilivyoachwa ufukweni. Hati yangu inafidia maji yanayoingia ghafla, na inakataa kwa maneno ya wazi hasara inayokuja polepole. Maji yanayopanda sentimita kwa sentimita na kukaa ndani ya nyumba miezi mizima si mafuriko machoni mwa hati hiyo. Wezi nao wana masharti yao: ni lazima kuwe na dalili za kuvunja, hivyo mwizi aliyepita mlango uliosahauliwa wazi halipiwi, na nyumba ikikaa bila mtu zaidi ya siku 30 mfululizo kinga ya wizi inasitishwa. Wafanyabiashara mnaovuka kwenda Bujumbura au Kalemie, na nyinyi wa Tabora mnaohamia mashambani msimu mzima wa tumbaku, hilo linawahusu. Nyumba za tofali mbichi au za kuezekwa kwa nyasi, baadhi hazipokelewi kabisa, nyingine zinatozwa ada ya juu, na ukificha hilo kwenye fomu ya maombi dai lako lote linaweza kukataliwa.

Ile ya benki nayo, kwa waliokopa kwa kuweka nyumba rehani, ieleweni inavyofanya kazi. Hulinda jengo, na fidia hutangulia kumaliza deni la benki kabla ya kukufikia wewe, na vyombo vyako mara nyingi havimo. Mpangaji hana sababu ya kulipia jengo, na bima ya mwenye nyumba haimfidii mpangaji hata sahani moja.

Jambo lingine nililochelewa kulijua ni kwamba wakala wa bima anaiwakilisha kampuni. Broka ndiye anayemwakilisha mteja. Mimi nilimwona yule kijana kama mshauri wangu, nikamwita mwanangu, nikampa chai.

Nimeiandikia kampuni barua ya kukataa kiasi hicho, nikaambatanisha picha za misumari mizima, makadirio ya fundi mwingine, na ujumbe wa simu ambao wakala ananiambia kwa maandishi kwamba hati itakuja baada ya malipo. Nimewataka wanionyeshe maandishi yoyote yanayothibitisha kwamba nilielezwa kanuni ya wastani kabla ya kutoa fedha. Wasiponijibu kwa maandishi, napeleka malalamiko kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, na kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ofisi iliyoanzishwa kwa Sheria ya Bima ya 2009, ambayo haimtozi mlalamikaji ada.

Ninachodai si upendeleo. Hati kamili itolewe kwa anayeiomba kabla hajatoa hata shilingi, masharti yanayopunguza fidia yaandikwe kwa Kiswahili ukurasa wa kwanza, na kotesheni ionyeshe bei pamoja na kodi, kiasi cha eksesi na namna thamani ilivyokadiriwa. Duka la mabati la Mwanga linaniruhusu kulipima bati kabla ya kulinunua. Kwa nini kinga ya paa zima nisiruhusiwe kuisoma?

Naomba wawili watatu kati yenu wanisaidie. Mwenye kufikisha dai kwa Msuluhishi akiwa mikoani, aeleze kama alilazimika kusafiri au aliwasilisha kwa barua. Mwenye hati yoyote ya bima ya nyumba, ya kampuni yoyote, aweke hapa aya inayohusu uchakavu wa paa, afute jina lake na namba ya bima, tuzisome kwa pamoja. Ile karatasi ya kukubali fidia iko kwenye droo yangu bila saini, na wamenipa siku 14.