Upele baada ya kufyeka nyuma ya nyumba: ni upupu?

Mama Mapacha, Maryland

Shikamooni wakubwa, na wengine habari za Jumapili.

Jumamosi ya wiki iliyopita mimi na baba watoto tulifyeka kichaka kilichopanda uzio wa nyuma. Tuling'oa kwa mikono mitupu, kama shambani. Siku hiyo kimya. Jumatatu usiku mikono ikaanza kuwasha, na kulipokucha nina mistari ya malengelenge hadi kwenye kiwiko. Mama mkwe, aliyekuja kututembelea kutoka Muheza, akatazama mara moja tu: upupu huo, pakeni majivu. Tukachota majivu kwenye jiko la kuchomea nyama, na mafuta ya nazi juu yake. Leo hali ni mbaya zaidi, na mwanangu wa miaka sita naye anajikuna shavu, wakati hakufika kabisa kule kwenye uzio. Alikuwa ndani anacheza na mbwa.

Je, unaambukiza? Na kuna dawa ya nyumbani? Bima yetu ni ile ya kulipa kwanza mfukoni mpaka ukome, mnaijua.

Fundi Bustani, Pennsylvania

Dada, pole sana. Kabla ya yote: ile takataka mliyofyeka iko wapi? Kama bado imerundikwa, MSIICHOME. Moshi wake ukiingia kifuani ni habari nyingine kabisa, mtu analazwa.

Huo si upupu. Upupu ungekuwasha pale pale, kabla hujaweka panga chini, maana ni vinyweleo vinavyochoma ngozi. Huu wenu ni poizoni aivi (poison ivy), mmea wa kutambaa wa huku Marekani. Una utomvu wa mafuta unaoitwa urushioli. Unaingia kwenye ngozi bila wewe kuhisi lolote, mwili unaukataa, na upele unatoka siku moja au mbili baadaye. Kwa anayeguswa mara ya kwanza maishani inaweza kupita hata wiki mbili. Ndiyo maana wengi wetu tuliokuja ukubwani tunajidanganya. Mwaka wa kwanza unafyeka unajisifu kwamba ngozi yako ngumu, mwaka wa pili unalala umeweka mikono kwenye ndoo ya maji baridi. Mimi nafanya kazi hii mwaka wa kumi na moja na nimepita hapo.

Majimaji ya lengelenge hayaambukizi. Kinachozunguka nyumbani kwenu ni yale mafuta, na mshukiwa wangu ni mbwa. Mbwa mwenyewe kwa kawaida hadhuriki, ila anayabeba kwenye manyoya na mtoto anamkumbatia. Mwogeshe kwa shampuu, umevaa glavu ndefu za plastiki za kuoshea vyombo. Zile nyembamba za mpira za hospitali mafuta haya yanapenya. Kisha oshea sabuni mpini wa panga, viatu, kamba za viatu (hapo ndipo watu wanaposahau), komeo la geti na simu. Nguo zifuliwe peke yake kwa maji ya moto. Mafuta haya hayakauki yakaisha. Yanaweza kukaa kwenye chombo miaka.

Siku nyingine ukiugusa, kimbilia sabuni ya vyombo na maji baridi ndani ya dakika kumi hivi. Sugua kwa kitambaa kama unayetoa grisi ya gari, suuza, rudia. Kupitisha maji tu ni kuyatandaza.

Kuutambua: vijani vitatu kwenye kikonyo kimoja, cha katikati kina kikonyo kirefu kuliko wenzake wawili. Mmea huu ukiparamia mti unaota vimizizi kama kamba yenye manyoya. Msimu wa baridi majani hayapo lakini kamba hiyo bado inaunguza.

Mzee wa Newala, Houston

Wanangu, mmea huu ni ukoo mmoja na mkorosho na mwembe. Sisi tuliokulia kwenye korosho tunaujua kwa jina lingine. Mbanguaji asiyepaka majivu au mafuta mikononi kabla ya kubangua, lile ganda linamchubua mpaka anashindwa kushika ugali. Kwa hiyo mkweo hakukosea sana, binti yangu, ila majivu ni ya kabla, siyo ya baada!

Na embe lile: nikimenya kwa meno sasa hivi midomo inavimba. Zamani haikuwa hivyo. Ilianza baada ya poizoni aivi kunikamata mara mbili hapa. Menyeni kwa kisu.

Kijana wa Boston

Mimi mwaka jana kliniki moja ya haraka walinipa vidonge vya prednisoni, dawa ya kutuliza uvimbe na mzio, vya siku sita. Siku ya tatu raha tupu. Vikaisha, upele ukarudi kwa hasira kuliko mwanzo, nikalipa tena. Kwa nini?

Dada Muuguzi, Columbus

Kwa sababu siku sita ni chache. Upele huu wenyewe unaishi wiki moja hadi tatu, na vidonge hivyo vikihitajika hutolewa kwa wiki mbili au tatu, dozi ikishuka taratibu. Ukiandikiwa kifupi, uliza hapo hapo.

Mama Mapacha, osha majivu yote. Kitambaa cha maji baridi robo saa, mara kadhaa kwa siku. Losheni ya kalamaini, krimu ya haidrokotizoni ya asilimia 1, na kuoga maji ya uvuguvugu yenye unga laini wa oti. Vyote vinapatikana duka la dawa bila cheti, na mfamasia hadai kadi ya bima kukujibu swali. Krimu za antihistamini (dawa za mzio) usipake. Zinaweza kuleta mzio mwingine juu ya huu. Usitumbue malengelenge. Na jiki, jamani, si dawa ya ngozi.

Picha kwenye vipeperushi zinaonyesha wekundu kwenye ngozi nyeupe. Kwetu unaweza kuonekana wa zambarau au mweusi zaidi, na ukipona unaacha mabaka meusi kwa miezi. Usikubali mtu akwambie "siuoni wekundu".

Mtoto ndiye ananitia wasiwasi. Jicho likivimba, au upele ukifika sehemu za siri, au ukaona usaha na homa, daktari leo hii. Akipumua kwa shida, piga namba ya dharura, 911. Mengine piga kituo cha sumu, 1-800-222-1222, bure, usiku na mchana.

Mama Mapacha, Maryland

Asanteni mno. Jicho la mtoto lilianza kuvimba jana, tukampeleka, amepewa dawa na anaendelea vizuri. Mbwa kaoga mara mbili. Mimi nalala sasa.

Tatizo ni mama mkwe. Amesikia kwamba mbuzi hula mmea huu bila kudhurika, na kwamba mwaka 2013 makaburi ya Congressional pale Washington waliwaleta mbuzi kusafisha vichaka. Anauliza kaunti yetu inaruhusu wangapi.

Fundi Bustani, Pennsylvania

Mwambieni asiwapapase.