Mjini Mwanza unakaa wapi kama hununui kitu?

Mama wa Igogo:
Mwangaluka wadau. Mama mkwe huja kliniki kutoka Sengerema kwa kivuko cha Kamanga. Magoti yanamsumbua, akishuka anataka apumzike kwanza ndipo tutafute daladala. Juzi tumezunguka naye, hakuna. Ngazi ya duka moja wameipaka oili chafu makusudi, watu wasikalie. Tukaingia mgahawani, hata hajaweka kiuno sawa, mhudumu huyo: “Niwaletee nini?” Kupumua nako kumekuwa kwa kununua soda? Nyie mnakaa wapi?

Kijana wa Kirumba:
Mama, hapo hapo karibu na kivuko si kuna Jiwe la Bismarck? Upepo wa ziwa ni bure.

Mama wa Igogo:
Nalijua mwanangu, picha tumepiga sana. Ila saa saba mchana, jua la utosi, nimpandishe mama mkwe kwenye mawe?

Mzee wa Makongoro:
Maduka ya zamani ya Wahindi yalikuwa na baraza, paa limetokeza mbele. Mvua ikinyesha, mnajibanza pale wote, mwenye pesa na asiye nayo. Ghorofa za siku hizi vioo vinaanzia barabarani, na kiyoyozi kinakutemea maji kichwani.

Mdau wa Nyegezi:
Na ufukwe je? Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira ya ufukwe, ndani ya mita 60 kutoka ziwani.

Fundi Mawe:
Kukataza ujenzi siyo kukupa njia wala kivuli, mkuu. Mimi ningeanza na mitaro. Mwanza mawe tunayo hadi ya kuchoka. Kingo za mtaro ukizipandisha hadi usawa wa goti, juu ukalaza mawe bapa, umeshapata benchi refu na gari halitumbukii. Mti upandwe upande wa magharibi, maana jua la alasiri ndilo linalochoma. Ila fundi akishaambiwa “funika mtaro tu”, hafanyi la ziada.

Boda wa Kamanga:
Mama, kijiweni kwetu kuna benchi chini ya mwembe. Mleteni, vijana watampisha. Akishapumzika tunampeleka hadi kliniki, bei ya mama.

Mama wa Igogo:
Wabheja sana mwanangu. Benchi tunakuja kulikalia. Pikipiki, kwa magoti yale, bakini nayo.