Mama asiyejua Kimaori hufanya nini katika Kōhanga Reo?

Swali
Wanajukwaa, nasoma habari za Kōhanga Reo, shule za awali za Wamaori wa Nyuzilandi, ambazo ya kwanza ilifunguliwa mwaka 1982 huko Wainuiomata, karibu na Wellington, na ambamo huzungumzwa Kimaori peke yake. Kinachonitatiza ni kwamba wazazi wengi wa wakati ule walikuwa wamelelewa kwa Kiingereza, baada ya wazee wao kuchapwa shuleni kwa kusema lugha yao. Mama wa namna hiyo aliingia humo kama nani?

Jibu la 1
Ndugu, aliingia kama mwanafunzi na papo hapo kama mwenye shule, kwa maana uendeshaji umo mikononi mwa whānau, yaani jamaa za watoto wenyewe, ambao huamua mambo, hupika, hufagia na kutunza fedha. Hazina ya lugha walikuwa nayo mabibi na mababu. Bibi akisema "horoia ō ringaringa", watoto huenda kunawa mikono na mama huwafuata. Baada ya kulisikia agizo hilo kila kabla ya mlo, hulitoa yeye mwenyewe bila kufundishwa sarufi.

Jibu la 2
Nakubali, ila tusilirahisishe jambo hili. Maneno ya kunawa, kula na kulala hayamtoshi mama anayetaka kumweleza mwanawe kwa nini amemkasirikia. Hapo hukwama, huona haya mbele ya mtoto aliyekwisha kumpita, na Kiingereza hurudi nyumbani. Ndiyo maana madarasa ya watu wazima yana uzito wake, kama yale ya Te Ataarangi, yaliyoanza mwishoni mwa miaka ya 1970, ambamo wanafunzi hushika vijiti vya rangi na kuvizungumzia kwa Kimaori tu.

Muulizaji
Nashukuru. Na mama aliye kazini mchana kutwa?

Jibu la 3
Huyo ndiye mwenye mzigo mkubwa zaidi, na sidhani kuna dawa moja. Huko Hawaii, shule za Pūnana Leo, zilizofuata mfano wa Wamaori, huwataka wazazi wasome lugha na kutoa saa zao za kazi shuleni, sharti ambalo kwa maoni yangu ni zito lakini la haki, mradi masomo yawekwe jioni.