Ubingwa wa dunia wa snuka: ni mara 7 au mara 15? Kreti ya soda inasubiri jibu

Fimbo wa Sakina (Arusha) anauliza:

Wadau, nawasalimu. Jumamosi iliyopita tuliandaa shindano la maswali katika ukumbi wa pulu tunakokutana hapa Sakina, na kundi litakaloshinda liliahidiwa kreti moja ya soda. Swali la mwisho, ambalo nililitunga mwenyewe, lilikuwa hili: ni nani aliyetwaa ubingwa wa dunia wa snuka (ule mchezo wa mezani wa fimbo na mipira, ndugu wa pulu) mara nyingi zaidi? Jibu nililokuwa nalo mimi ni Stephen Hendry na Ronnie O'Sullivan, kila mmoja mara 7, na kundi la kwanza liliandika hivyo hivyo. Kundi la pili liliandika neno moja tu, "Davis". Nilipolikataa jibu hilo, kijana mmoja akatoa simu na kunionyesha kwamba Davis alitwaa mara 15. Kreti bado iko kwa mwenye ukumbi, nami natazamwa kama mwamuzi aliyehongwa. Naomba msaada wenye hoja.

Mzee wa Majengo (Moshi) anajibu:

Mwanangu, kosa liko kwenye swali lako, si kwa vijana. Joe Davis wa Uingereza alikuwa miongoni mwa walioanzisha mashindano hayo mwaka 1927, akashinda fainali ya kwanza mjini Birmingham kwa kumfunga Tom Dennis fremu (yaani michezo midogo inayounda mechi moja) 20 kwa 11, na tangu hapo hadi mwaka 1940 hakuna aliyemwondoa kwenye kiti hicho. Vita viliyasimamisha mashindano kwa miaka mitano; yaliporejea mwaka 1946 alimshinda Horace Lindrum wa Australia fremu 78 kwa 67, kisha akaacha kushiriki bila kuwahi kupoteza ubingwa huo. Ndiyo hiyo 15.

Hata hivyo, hao wenye simu wasitambe sana. Mwaka 1931 waliojiandikisha walikuwa wawili tu, Davis na Dennis, kwa hiyo fainali ndiyo iliyokuwa mechi ya kwanza na ya mwisho. Hata bonanza la mtaani kwenu haliwezi kuanza na watu wawili! O'Sullivan alipotwaa taji lake la saba mwaka 2022, akiwa na umri wa miaka 46, ilimbidi ashinde mechi tano, moja baada ya nyingine, katika mashindano yanayochukua siku 17.

Chaki ya Bluu (Moshi) anajibu:

Shikamoo, Mzee wa Majengo. Naongezea jambo linaloeleza kwa nini watu wengi huanza kuhesabu mwaka 1969. Mwaka 1952 wachezaji wa kulipwa walikosana na chama kilichosimamia mchezo, wakaanzisha mashindano yao, na yale rasmi yakabakiwa na wachezaji wawili tu, Lindrum na Clark McConachy wa New Zealand. Lindrum alishinda, lakini wapo wanaosita hadi leo kumwita bingwa, kwa sababu wakati huo huo Fred Davis alikuwa akiwashinda wakali wote upande wa pili. Baada ya John Pulman kushinda mwaka 1957, mashindano yalikosekana kabisa hadi mwaka 1964. Yaliporudi, bingwa alitetea taji dhidi ya mpinzani mmoja aliyejitokeza, kama wafanyavyo mabondia, na Pulman alilitetea mara kadhaa kwa mtindo huo, nyingine akiwa Afrika Kusini. Mfumo wa mtoano ulirejea mwaka 1969, John Spencer akawa bingwa.

Na hata hapo chagua maneno kwa uangalifu. Ukiandika "tangu 1969", Ray Reardon ana mataji 6. Ukiandika "katika ukumbi wa Crucible mjini Sheffield", ambako mashindano yalihamia mwaka 1977, Reardon huyo huyo anabakiwa na 1 tu, la mwaka 1978. Hendry na O'Sullivan hawapungukiwi na kitu, kwa kuwa yote 7 waliyapata hapo.

Mpira wa Pinki (Arusha) anajibu:

Mimi nauliza jambo moja: Davis yupi? Fred, mdogo wake Joe, huhesabiwa mataji 8, yakiwemo yale ya miaka ya mgogoro. Steve, ambaye si ndugu yao, alitwaa 6 kati ya mwaka 1981 na 1989, ingawa anakumbukwa zaidi kwa fainali ya mwaka 1985 aliyoipoteza kwa Dennis Taylor, fremu 18 kwa 17, kwenye mpira mweusi, ule wa mwisho kabisa wa fremu ya mwisho, huku zaidi ya watu milioni 18 wa Uingereza wakitazama televisheni usiku wa manane. Kabla hujagawa soda, muulize nahodha wa kundi alikuwa na nani kichwani.

Fimbo wa Sakina (Arusha):

Nimemuuliza. Alisita kidogo, kisha akasema, "Si yule wa fainali ya mpira mweusi?" Kumbe alimaanisha Steve, na hiyo 15 waliikuta kwenye simu baada ya kukataliwa. Karatasi, hata hivyo, imeandikwa Davis, na mimi sikuandika "tangu 1969". Nimegawa chupa kumi na mbili kwa kumi na mbili. Kundi la kwanza limezipokea bila kunisalimia.