Mtihani wa hisabati kwa anayekwenda kusomea ubunifu: unapima nini hasa?

Mzazi wa Shangani, Mtwara
Salamu kwenu nyote. Binti yetu amemaliza kidato cha sita kwa mchepuo wa HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza), na amepata nafasi ya kusomea ubunifu wa mambo ya ndani katika chuo kimoja nchini Marekani. Barua ya chuo inamtaka, kabla ya kuchagua masomo ya muhula wa kwanza, afanye mtihani wa hisabati mtandaoni kwa mfumo uitwao ALEKS. Hisabati aliiacha kidato cha nne akiwa na alama C, na hajaigusa tangu hapo. Je, akifanya vibaya anaweza kunyang'anywa nafasi aliyokwisha kupewa? Jambo la pili ni kwamba kaka yake, anayesomea uhandisi Dar es Salaam, amejitolea kuja kukaa kando yake siku ya mtihani. Mama yao haoni ubaya, ila mimi roho inasita.

Mwalimu wa Ligula
Ndugu Mzazi, hofu ya kwanza iondoe. Sisi tumezoea mitihani ya NECTA, ambayo humfungulia mtu mlango au kumfungia, ndiyo maana neno hilo likitajwa tu tunakuwa matumbo joto. Huu wa binti hauchuji mtu, bali humwonyesha mshauri wa chuo mwanafunzi aanzie darasa gani la hisabati. Maswali hayazidi 30, nayo hubadilika kadiri anavyojibu: akipata, hupewa gumu zaidi, na akikosa hurudishwa kwenye mepesi. Majibu mengi atayaandika mwenyewe, hatachagua herufi. Mwishoni atapata alama kati ya 0 na 100, na kila chuo hujiwekea viwango vyake. Kikokotoo cha mkononi hakiruhusiwi. Swali likikihitaji, hujitokeza chenyewe kwenye kioo.

Kuhusu kaka mtu, asikae kando yake. Ubaya wa udanganyifu peke yake ungetosha, lakini hata ukiuweka pembeni, hesabu yenyewe inakataa: alama za kaka zitampeleka dada kwenye darasa la kaka, mhadhiri ataanzia pale alama zilipodai kuwa binti anapajua, na akifeli, ada ya dola itakuwa imekwisha kulipwa na alama mbaya itabaki kwenye rekodi yake. Vilevile asiingie mikono mitupu, kwa sababu vyuo vingi huendesha madarasa ya chini kabisa kama kozi za kujikumbusha, ambazo hulipiwa ada ingawa hazihesabiwi katika digrii. Kaka aje mapema, wapitie sehemu, asilimia, uwiano, aljebra, milinganyo ya kwadratiki na grafu. Matriki na zile hesabu za dunia kama tufe waziache kwa sasa. Na akikutana na swali la mada asiyoijua, kuna kitufe cha kusema hajui, akibonyeze, asibahatishe.

Mbunifu wa Lindi
Juu ya kaka naungana na Mwalimu, lakini mtihani wenyewe nina mashaka nao. Huko huko Marekani una wapinzani: mwaka 2017 jimbo la California lilipitisha sheria ya AB 705, iliyovitaka vyuo vyake vya jamii (vyuo vya umma vya miaka miwili) kutegemea zaidi rekodi ya mwanafunzi ya sekondari, baada ya kuonekana kwamba mitihani ya namna hii ilikuwa ikiwarundika katika madarasa ya kujikumbusha watu ambao wangeyamudu ya juu. Isitoshe, hisabati ninayoitumia kazini ni uwiano na vipimo tu. Chumba cha mita 6 kwa kipimo cha 1:50 huchorwa milimita 120. Khanga ya sentimita 150 kwa 110, yenye pindo la sentimita 15 pande zote, hubaki na mji wa 120 kwa 80, yaani asilimia 58 hivi ya kitambaa chote. Kwadratiki sijaiona tangu shule, na wateja wangu hawajawahi kuiulizia.

Mwalimu wa Ligula
Mbunifu, California sikupingi, ila khanga yako naiazima. Mteja akikuambia anataka mji uwe nusu kamili ya kitambaa, na pindo liwe na upana mmoja pande zote, utafanyaje? Ukiuita upana huo x, utapata (150 − 2x)(110 − 2x) = 8,250, na hiyo ni kwadratiki. Jibu lake ni sentimita 18.5 hivi, jibu la pili, 111.5, linazidi hata upana wa khanga yenyewe.

Mbunifu wa Lindi
Mimi ningejaribu 18, kisha 19, nikafika. Lakini nimekuelewa, Mwalimu. Mzazi, muhimu zaidi ni kuangalia programu ya binti inadai hisabati gani. Fani nyingi za ubunifu hutosheka na kozi moja, kama ya takwimu, ilhali usanifu majengo mara nyingi hudai kalkulasi. Akijua hilo mapema, atajua anahitaji alama ya kiasi gani.

Mzazi wa Shangani, Mtwara
Nawashukuru sana. Kaka atakuja kufundisha, na siku yenyewe atakaa sebuleni. Chuo kimempangia Agosti, saa sita mchana kwa saa za New York, na msimamizi atamwangalia kwa kamera. Kwetu itakuwa saa ngapi?

Mkazi wa Mikindani
Mwezi Agosti New York iko nyuma yetu kwa saa saba, kwa hiyo itakuwa saa moja usiku. Atumie kompyuta ya mpakato yenye betri iliyojaa, maana umeme ukikatika ya mezani itazima hapo hapo, na simu yenye kifurushi cha intaneti iwe tayari kumwunganisha. Jambo jingine ni vipimo: Wamarekani huuliza kwa inchi, futi na maili, hivyo akariri kwamba futi ni inchi 12, yadi ni futi 3 na maili ni futi 5,280. Huko chuoni michoro yake pia itakuwa ya futi na inchi, na inchi moja ni milimita 25.4.