Naomba ushauri: maji machafu ya barabarani yanaingia kijitoni

Habari zenu wakuu. Mtaro wa barabara kuu unamwaga maji moja kwa moja kwenye kijito jirani na shamba letu. Jua likiwaka muda mrefu kisha mvua kubwa ikashuka ghafla, maji ya mwanzo huja meusi, yana utando wa oili unaometameta. Humo mna zinki ya matairi na shaba ya breki. Tena tangu 2020 inajulikana kuwa kemikali itokanayo na matairi, 6PPD-kwinoni, inaua samaki aina ya coho (jamii ya salmoni). Inaniuma sana.

Nafikiria bonde dogo la kuchujia, lenye mchanga, mboji na nyasi. Ila mboji nayo si hutoa fosforasi, ikachafua maji tena? Na mvua zinavyozidi ukali, ukubwa wa bonde nipime kwa kigezo gani? Aliyewahi kujenga anielekeze tafadhali.